Kitambaa cha Meza ya Kioo

Pasiansi, Mwanza
5 Juni 1994

Dada yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine mpe shemeji Yeremia. Natumaini barua hii inakukuta umelala kitandani kama daktari alivyoagiza, wala hujatoroka kwenda kusahihisha madaftari. Tumbo linaendeleaje? Sisi hatujambo. Doro wako ananenepa. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Magu akamfundisha kusema "mwangaluka", ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma, sasa anamsalimia hivyo kila mtu, hata jioni, hata mbuzi wa jirani.

Dada, mbona hukuniambia? Mbona wanawake wote mlioolewa mnakaa kimya kama watu waliokula kiapo? Mimi nina furaha mpaka naogopa. Revo akitoka kiwandani huoga hukohuko na kubadili nguo, ili asiniletee harufu ya sangara. Anasimama mlangoni anauliza, "Nani yuko nyumbani kwangu?" Mimi najibu, "Mkeo!" Doro anaitikia, "Na mimi!" Kila siku, dada, na kila siku moyo wangu unaruka kama siku ya kwanza.

Watu wa hapa walishangaa bibi harusi kuingia na mtoto wa miaka minne. Niliwaeleza kwamba kwenye ukoo wetu bibi harusi hapelekwi kwenye nyumba tupu, anapewa mtoto wa ndugu yake akae naye mwaka wa kwanza ili nyumba izoee sauti ya mtoto. Mama mkwe alifurahi sana. Akasema, "Basi ndugu zako wanakuamini." Nikajisikia nimekuwa mrefu.

Sasa nikueleze meza. Wafanyakazi wenzake Revo walituletea zawadi ya meza ya kioo! Siku hizi Mwanza kila kitu kinaingia, dada, maduka ya Mkuyuni huyajui tena. Miguu yake ni ya rangi ya dhahabu, na kioo chake ni kisafi hivi kwamba ukiweka kikombe unadhani kimesimama hewani. Wageni wakiingia wanakaa kimya kwanza. Usinikasirikie, kile kitambaa ulichotufumia nimekitoa mezani nimefunika redio. Meza ya kioo ikifunikwa inakuwa meza kama meza nyingine, na mimi nataka ionekane.

Barua hii anakuletea Okomo wa boti ya injini.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha,
Odeta (Mama mwenye nyumba!)


Bwisya, Ukara
16 Juni 1994

Mdogo wangu Odeta,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na shemeji yako ameisoma, na ile sehemu ya Revo na harufu ya sangara ameisoma mara mbili kwa sauti akicheka mpaka nikamnyang'anya. Sisi tuko salama. Muhogo umekauka vizuri. Mimi nimelala. Nahesabu mbao za dari, ziko thelathini na moja. Baada ya lile lililonipata mwaka juzi sitaki kucheza na amri ya daktari, hivyo nalala.

Nimefurahi kwamba unafurahi. Sikukuambia kwa sababu kila mtu hukuta yake.

Neno moja tu. Kitambaa sikukifuma kwa ajili ya redio. Nilikaa nacho miezi mitatu, na kingo zake nilizishusha makusudi zifike chini ya ukingo wa meza yoyote. Kioo kitupu hakionekani, wewe mwenyewe umesema kikombe kinasimama hewani. Kwako ni uzuri. Mtoto anayekimbia haoni meza, anaona sakafu. Kirudishe.

Mpe Doro busu langu kwenye mashavu yote mawili. Mwambie mama yake anamtengenezea ndugu. Mwezi wa kumi si mbali.

Dada yako,
Paskazia


Pasiansi
19 Juni 1994, Jumapili
(Barua hii haikutumwa.)

Dada,

Sijui nianzie wapi, na salamu nimeshindwa kuziandika.

Jana Revo alitoka kazini saa saba mchana. Kulikuwa na umeme, tukafungua redio, wimbo ulikuwa mzuri, akanishika mkono tukacheza pale sebuleni. Doro alikuwa nje. Alisikia tunacheka. Akaja mbio kutoka mlangoni ameinua mikono, anapiga kelele, "Na mimi! Na mimi!" Alikimbia moja kwa moja kutufuata, dada, na kati yetu na yeye kulikuwa na meza. Hakuiona. Naapa hakupunguza hata hatua moja. Alijikwaa kwenye mguu wa meza akaangukia uso kwenye ukingo.

Kioo hakikuvunjika. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Meza ilibaki nzima, inang'aa, na mtoto wako amepasuka shavu la kushoto, kuanzia chini ya jicho kushuka kuelekea pua, urefu wa njiti ya kiberiti. Jicho halikuguswa. Narudia, jicho liko salama.

Revo alimbeba, mimi nikakandamiza shavu kwa kitambaa cha kwanza nilichokiona. Ni kile chako, kilikuwa juu ya redio. Pale zahanati nesi Dorcas alisafisha, akamchoma sindano ya pepopunda, akamshona nyuzi sita nyembamba kama nywele. Doro alilia mpaka akachoka, halafu akamuuliza nesi, "Unafuma?"

Revo ananiambia nikuandikie leo hii. Nimeandika. Lakini nakumbuka mwaka juzi ulivyopokea habari za msiba wa mama na kilichoipata mimba yako. Hii karatasi ikikufika, halafu ukapata tatizo, nitakuwa nimewaua wawili kwa kalamu. Nifanyeje? Nisipokuambia mimi ni mwongo. Nikikuambia


Pasiansi, Mwanza
3 Julai 1994

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za kulala? Hapa kwetu ni furaha tupu, hali ya hewa nzuri, upepo wa ziwa unaingia mpaka chumbani. Revo hajambo. Amepandishwa, sasa anasimamia mizani. Doro hajambo sana, anakula, analala. Barua yako nimeipata tarehe 24. Kitambaa nimekirudisha mezani.

Dada, wewe ni mwalimu wa sayansi na unatunza sanduku la huduma ya kwanza la shule, naomba unisaidie jambo. Kuna jirani yangu, mtoto wake alianguka akakatika shavuni. Alishonwa nyuzi sita na siku ya tano zikatolewa. Nesi alisema usoni nyuzi hazikai muda mrefu, zikikaa zinaacha alama za ngazi. Sasa huyo jirani amechanganyikiwa, maskini, kwa sababu kila mtu ana lake, na yeye anataka kitu kimoja tu, kovu lisikae kwenye uso wa yule mtoto.

Nesi anamwambia: osha taratibu kwa sabuni ya kawaida na maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta mepesi ya mgando, funika kwa bandeji safi, kesho rudia. Kisikauke kikafanya gamba gumu, na gamba likitokea mtoto asilibandue. Mama mkwe (wa huyo jirani) alikuja, akashangaa, "Kidonda unakipaka mafuta kama chapati? Kitaoza hicho! Lete majivu ya jikoni na samli." Jirani akamjibu kwa heshima kwamba atafanya. Hakufanya. Sasa anamwogopa mama mkwe, na anamwogopa nesi, na akiamka asubuhi anakaa na kopo mkononi dakika nzima hajui apake au asipake.

Naye mtoto anajikuna. Jirani amemkata kucha na kumvika soksi mikononi akilala mchana. Anaonekana kama bondia, mpaka mume wa jirani anamwita "bingwa".

Wewe unaonaje? Tafadhali jibu upesi. Huyo jirani halali.

Mdogo wako,
Odeta

Okomo alitaka kuingia kumsalimia Doro, nikamwambia amelala.


Bwisya, Ukara
14 Julai 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mbao za dari bado thelathini na moja.

Nimesoma habari za mtoto wa jirani yako. Nimezisoma mara nyingi kuliko ile ya sangara. Hukunitajia jina la jirani, wala umri wa mtoto, wala alianguka kwenye nini.

Kitabu chetu cha huduma ya kwanza kinasema kidonda kikishafunga kiachwe wazi kipate hewa kikauke. Ndivyo nilivyowafundisha watoto miaka tisa. Lakini kitabu ni cha zamani, mwaka wa kuchapishwa umeshaliwa na mende, na huyo nesi ameuona uso wa mtoto, mimi sijauona. Majivu hapana. Hilo nina hakika nalo. Mwambie jirani yako amtazame mtoto kila asubuhi kwenye mwanga. Pakivimba, pakiwa pa moto, pakitoa usaha au mtoto akipata homa, asiniandikie mimi, akimbie zahanati.

Mwambie pia asimwonyeshe mtoto kwamba analia. Mtoto husoma uso wake kwenye nyuso za wengine.

Jicho lake lilipona? Hukuandika lolote kuhusu jicho.

Nina hamu ya kumwona Doro. Mpelekeni studio apigwe picha, mniletee. Uso mzima, nimwone vizuri.

Dada yako,
Paskazia


Pasiansi, Mwanza
20 Agosti 1994

Dada yangu mpendwa sana,

Shikamoo dada. Nisamehe kwa kuchelewa, injini ya Okomo iliharibika na mimi pia sikuwa vizuri. Si ugonjwa! Nitakueleza siku nyingine, ni habari njema, Revo anatembea kama amemeza mlingoti wa bendera. Jicho la yule mtoto halikuguswa kabisa, halikuguswa hata kidogo.

Picha ya Doro ndiyo hii. Amependeza, sivyo? Mpiga picha alisema siku hizi mtindo ni kutazama pembeni. Ile kofia ni ya Revo.

Dada, yule jirani. Sasa amechanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo. Wewe umesema kikauke, nesi amesema kisikauke. Siku mbili alifanya ya kwako, gamba likawa gumu, mtoto akacheka likapasuka ikatoka damu. Akarudi kwa ya nesi. Mwezi wa saba ukaisha hivyo, na kidonda kikafunga kabisa, safi. Alifurahi sana! Halafu lile kovu badala ya kupotea likaanza kuwa jekundu, likainuka, likawa jeusi pembeni. Kila siku baya kuliko jana. Nesi akasema, "Ndivyo yalivyo, kovu hukasirika kwanza. Subiri. Miezi sita, mwaka." Mwaka, dada! Nani anaweza kusubiri mwaka na mama wa mtoto

(hapo nimekosea, nimekata)

Basi hapa mtaani kuna Mama Mhoja anayeuza vipodozi Mkuyuni. Akamwita jirani yangu dukani. "Mwanangu, unahangaika na mafuta ya mgando karne hii? Tazama mikono yangu. Tazama uso." Kweli uso wake unang'aa, ila vifundo vya vidole ni vyeusi, sijui kwa nini. Akatoa kopo la krimu imetoka nje, maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma, lina picha ya mwanamke mweupe kama karatasi. "Hii inafuta kila kitu. Kovu, madoa, chunusi. Wiki moja." Jirani akapaka asubuhi na jioni. Siku ya tatu kovu likafifia kweli, akanusa ushindi. Siku ya sita shavu lote likawaka, ngozi ikabanduka, mtoto akasema, "Mama mdogo, pananichoma."

Amempeleka kwa nesi mwenyewe, bila kulazimishwa. Nesi Dorcas alilitazama lile kopo, akaliweka kwenye ndoo ya taka, akasema, "Wewe umesoma sekondari?" Jirani akasema ndiyo. "Basi wenzako wasiosoma wafanye nini?" Dada, maneno yale!

Sasa pembeni ya kovu pana baka jeupe. Nesi anasema ngozi yake itarudi, lakini jua la mchana ni adui, lisipige ngozi changa. Atembee kivulini na avae kofia pana. Na kwa kuwa kidonda kimefunga, ngozi ikitulia wiki mbili aanze kukanda: kidole kimoja, mafuta kidogo, miduara midogo midogo, mara mbili kwa siku. Mtoto ameshaanza kuhesabu miduara mkononi mwake. Anaruka kutoka kumi na mbili kwenda ishirini.

Nikuulize kitu. Kama wewe ungekuwa mama wa yule mtoto, ungemsamehe huyo aliyempaka?

Mdogo wako,
Odeta


Bwisya, Ukara
22 Septemba 1994

Mdogo wangu Odeta,

Marahaba.

Picha nimeiona. Mtoto amevaa kofia ndani ya studio, na ametazama kushoto kwake mpaka shingo imekaza. Mkono wa kulia umeshika kitu nje ya picha. Nadhani ni gauni lako.

Hujauliza kwa nini nimechelewa kujibu. Nimejifungua tangu tarehe 29 Agosti, wiki tano kabla ya siku zake. Mvulana, tumemwita Victor. Alikuwa mdogo, sasa ananyonya kama mtu aliyedhulumiwa. Mimi ni mzima. Naamka, napika, nimerudi kuhesabu vitu vyenye maana. Kwa hiyo hakuna tena sababu ya mtu yeyote kunificha kitu kwa ajili ya tumbo langu.

Kuhusu jirani yako. Mwambie krimu ile asiiguse tena hata kama ataletewa bure, aache na ya usoni kwake kama anapaka. Mwambie amsikilize nesi, asinisikilize mimi, kitabu changu nimekifunga kabatini.

Pamoja na barua hii Okomo anakuletea kofia. Nimeifuma kwa uzi ule ule uliobaki kwenye kitambaa cha meza yako. Ukingo wake ni mpana, utafunika shavu lote hata jua likiwa la saa tisa. Mpe mtoto wa jirani. Kwa kuwa sikuwa na kipimo cha kichwa chake, nimekadiria kwa kichwa cha Doro.

Swali lako la mwisho sijalijibu. Sijui bado.

Dada yako,
Paskazia


Pasiansi, Mwanza
28 Septemba 1994

Dada,

Shikamoo. Hongera kwa Victor. Nimelia kwa furaha na nimelia kwa mengine, hata Revo hakujua aninyamazishe kwa lipi.

Kofia imemtosha. Imemtosha kabisa, dada, kama ungekuwa umemshika kichwa. Aliivaa akauliza, "Mama ameniona?"

Hakuna jirani. Unajua. Sijui ulijua lini na sitauliza. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua niliyoiandika siku moja baada ya ajali, imekaa miezi mitatu ndani ya Biblia. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa. Haina mwisho kwa sababu Doro aliamka akaniita.

Barua yako ya kitambaa ilipofika, Revo alinisihi tena nikutumie. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza, na ulidumu siku nne. Hakusimama mlangoni kuuliza nani yuko nyumbani kwake. Alifungua tu akaingia. Siku ya nne akaniambia, "Odeta, unajua kwa nini nimekasirika? Si kwa ajili ya meza. Mimi pia nilikuwa nacheza. Unamficha dada yako na mimi umenifanya mwongo pamoja na wewe." Nikamwambia ni kwa ajili ya mimba yako. Akasema, "Ni kwa ajili ya mimba, au ni kwa ajili ya ile barua ya kitambaa?"

Dada, barua yako ya kunionya ilinifika siku sita baada ya yeye kuanguka. Kama ingenifika siku mbili kabla, ningekitoa kitambaa kwenye redio nikakirudisha mezani? Nimejiuliza kila siku na sijui. Nadhani ningesema, "Dada naye!" nikakiacha pale pale. Hicho ndicho nilichokuwa nakuficha. Kovu peke yake ningekuambia.

Na krimu ya Mama Mhoja ilikuwa yangu kwanza. Nilianza kuipaka mimi tangu mwezi wa tano, nionekane bibi harusi. Nikamwonea mtoto wako huruma kwa ujinga ule ule niliojionea mimi.

Kitambaa kina doa. Nimekiloweka, nimekianika, nimekisugua kwa ndimu. Damu imefifia ila haijatoka yote. Nimekitandika mezani hivyo hivyo, kingo zinashuka mpaka chini kama ulivyotaka. Wageni hawanyamazi tena wanapoingia.

Tarehe 15 Oktoba tunakuja, mimi na Revo na Doro. Kovu utaliona mwenyewe. Sasa ni la rangi ya kahawia, limelala, baka jeupe limeanza kujaa. Litabaki, nesi amesema tusidanganyane, ila litakuwa uzi. Ukitaka abaki huko kwako, nguo zake zote tutakuwa nazo. Nimezipanga mwenyewe. Sitabisha.

Mimi nina mimba ya miezi minne. Nilitaka kukuambia kwa shangwe, ndiyo nimekuambia hivi.

Mdogo wako,
Odeta


Bwisya, Ukara
13 Novemba 1994

Mdogo wangu Odeta,

Marahaba, wewe na huyo wa tumboni. Victor hajambo. Shemeji yako anakusalimia na anauliza kama Revo amefika salama na yale matapishi yake ya kwenye boti. Anayesimamia mizani ya samaki na ziwa lenyewe limemshinda!

Siku zile mbili mlizokaa hatukuzungumza sana. Wewe uliosha vyombo vyangu vyote mara mbili, na mimi nilijifanya Victor analia. Basi nakuandikia sasa, kwa kalamu naweza.

Nilijua kwenye barua ya mwezi wa saba. Mtu hamfahamu mtoto wa jirani mpaka hesabu ya nyuzi, na siku zote wewe ukisema "furaha tupu" kuna kikombe kimevunjika. Sikusema kwa sababu nilitaka useme mwenyewe. Victor alipozaliwa nilikaa naye wiki tatu mikononi bila kukuandikia. Nilijiambia, naye asijue mpaka nami nijue. Kila Okomo alipopita kuuliza kama kuna barua, nilimwambia hakuna. Hiyo ilikuwa hasira, Odeta. Usidhani dada yako alikuwa mvumilivu.

Siku mlipofika nilimvua Doro kofia mimi mwenyewe, ulinitazama. Nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu. Nilikuwa nimelichora kovu kichwani hadi likafika kwenye sikio. Lilipotokea dogo kuliko lile nililolichora, nilikosa la kufanya na hasira yangu, ndiyo maana nikaenda kuchota maji wakati mtungi umejaa.

Ulipoondoka bila yeye, jioni alikuja na kopo la mafuta akakaa miguuni pangu akageuza shavu. Nikaanza kukanda. Akanirudisha, "Siyo hivyo, mama. Taratibu. Mduara mdogo. Mama mdogo anafanya mdogo." Nikafanya mdogo. Tukahesabu. Alipofika kumi na mbili akaenda ishirini, nami mwalimu wa miaka tisa nikaruka naye. Mtu aliyemkanda mtoto wangu asubuhi na jioni mpaka mtoto akajua kazi ile kuliko mama yake, siwezi kuandika kwamba alimtupa.

Lakini lipo jambo moja sikukuambia, na wewe hukuniambia. Akiingia chumba chochote, anasimama mlangoni ananyoosha mkono mbele, anapapasa hewa, ndipo apite. Hata kwetu, kwenye meza ya mbao nyeusi ambayo hata kipofu angeiona. Siku ya kwanza nilitoka nje nikalia. Siku ya kumi nikaona amepunguza. Jana alikimbia. Alikimbia kutoka mlangoni mpaka kwa Victor, mikono juu, "Na mimi!" na hakuna kilichotokea.

Ule mwaka wa kwanza wa nyumba yako haujaisha, unaisha Aprili. Shule yangu ikifungwa mwezi wa kumi na mbili namleta mwenyewe. Nguo zake usizirudishe kwenye sanduku la wageni, kuna kabati.

Lile doa kwenye kitambaa liache. Ila ukingo wa upande wa mlangoni mliutandika juu juu, Doro ameniambia. Ushushe.

Dada yako,
Paskazia